Mtoto Mmoja, Kliniki Nyingi: Tumsaidieje Mama?

Ni saa 10 usiku. Milima ya Upare bado ina giza na ukungu. Katika nyumba moja ya Shighatini, Wilaya ya Mwanga, mama mmoja ameamka. Anawasha moto na kuchemsha uji. Kisha anambeba mgongoni mtoto wake wa kiume wa miaka 4.

Mtoto huyu ni mzito sasa. Miguu yake imekakamaa. Shingo yake haijakaza vizuri. Hawezi kukaa peke yake, na hasemi. Mara nyingine anashikwa na degedege.

Mama anateremka kwa miguu mpaka barabarani kungoja basi. Basi linashuka mlima mpaka Mwanga mjini. Hapo anapanda basi jingine kwenda hospitali kubwa. Anafika jua likiwa limekwisha panda. Anakaa kwenye foleni. Zamu yake ikifika anaambiwa, "Mama, leo ni mazoezi ya viungo tu. Daktari wa macho yuko Alhamisi. Rudi Alhamisi."

Jioni mama anarudi kwake, mgongo unamuuma. Mahindi hayajapaliliwa. Binti yake mkubwa hakwenda shule, kwa sababu alibaki kulea wadogo zake. Na katika mfuko wa mama kuna karatasi nyingine. Keshokutwa anatakiwa zahanati. Wiki ijayo anatakiwa kuchukua dawa za degedege. Na Alhamisi macho.

Mama huyu tumemweka hapa kama mfano. Lakini kina mama wa namna hii wapo Shighatini, wapo Usangi, wapo Same, na wapo katika kila wilaya ya nchi yetu. Leo tuzungumze juu ya mzigo wao. Tuone jinsi ya kuupanga, na jinsi ya kuugawana.

MTOTO HUYU ANA NINI?

Mtoto wa mfano wetu ana mtindio wa ubongo. Maana yake ni kwamba ubongo wake uliumia ulipokuwa bado unakua. Ubongo ndio unaoamuru mikono, miguu, shingo na ulimi. Ukiumia, viungo havipati amri sawasawa. Ndiyo maana miguu inakakamaa, au mwili unalegea, hata kama mifupa yenyewe ni mizima.

Ubongo wa mtoto unaweza kuumia kwa sababu nyingi. Huenda mtoto alichelewa kupata hewa wakati wa kuzaliwa. Huenda alizaliwa kabla ya miezi kutimia. Huenda alipata manjano kali siku za kwanza. Huenda aliugua homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Mara nyingine hata madaktari hawawezi kujua sababu.

Mtindio wa ubongo hauambukizi. Mtoto mwingine hawezi kuupata kwa kucheza naye au kula naye. Hauna dawa ya kuuondoa kabisa. Lakini mtoto anaweza kusaidiwa sana, hasa akianza kusaidiwa mapema. Wapo wanaojifunza kukaa, kula wenyewe, kutembea kwa msaada, na kusoma.

Mzazi, angalia ukuaji wa mtoto wako. Mtoto wa miezi 4 anapaswa kuwa ameanza kushika shingo. Mtoto wa miezi 9 anapaswa kukaa bila kushikwa. Mtoto wa miezi 18 anapaswa kutembea. Mtoto wako akichelewa, usingoje. Nenda zahanati ukaulize. Usikubali kuambiwa na jirani kwamba "atatembea tu, hata baba yake alichelewa." Pengine ni kweli, lakini anayeweza kukuhakikishia ni mtaalamu.

KWA NINI KLINIKI NI NYINGI?

Mtoto mwenye homa huhitaji mganga mmoja. Mtoto mwenye ulemavu wa namna hii huhitaji wengi, kwa sababu ubongo unaongoza mambo mengi.

Anahitaji kupimwa uzito na kupata chanjo kama watoto wote.

Anahitaji dawa za kifafa, kama anashikwa na degedege mara kwa mara.

Anahitaji mtaalamu wa mazoezi, ili viungo visikakamae zaidi.

Anahitaji kupimwa macho na masikio. Wengi wa watoto hawa huwa na shida ya kuona au kusikia, na watu hudhani hawana akili.

Anahitaji kiti maalumu, au viatu vya kunyoosha miguu.

Anahitaji mtu wa kumfundisha mama jinsi ya kumlisha bila kumpalia.

Kila kliniki ina siku yake. Kila mtaalamu anaandika tarehe yake. Mtaalamu wa mazoezi hajui daktari wa macho ameandika tarehe gani. Zahanati haijui hospitali imesema nini. Mtu mmoja tu ndiye anayejua yote, naye ni mama. Na mama ana shamba, ana watoto wengine, pengine ana mimba.

Hebu tuhesabu. Mwezi mmoja mama wa mfano wetu alikuwa na safari hizi:

Zahanati, kupima uzito: siku 1.
Hospitali ya Usangi, dawa za kifafa: siku 1.
Hospitali kubwa mjini, mazoezi: siku 2.
Hospitali kubwa mjini, macho: siku 1.
Hospitali kubwa mjini, kupima kiti: siku 1.

Jumla ni siku 6, na katika hizo siku 4 ni za kwenda mjini, kutoka giza mpaka giza. Nauli ni mara 4 kwenda na mara 4 kurudi. Haishangazi kwamba mama wengi huchoka na kuacha. Watu husema, "Yule mama hamjali mtoto wake." Sivyo. Mama huyo ameshindwa na mzigo usiobebeka na mtu mmoja.

JAMBO LA KWANZA: DAFTARI MOJA

Nunua daftari moja la shule. Liwe la mtoto huyu peke yake. Liweke pamoja na kadi yake ya kliniki katika mfuko wa nailoni ili lisilowe. Usiandikie humo deni la duka wala hesabu za kahawa.

Ukurasa wa kwanza andika jina la mtoto, tarehe aliyozaliwa, na ugonjwa wake kama ulivyoandikwa na daktari. Andika namba yake ya hospitali. Andika dawa anazotumia, kiasi gani, na saa ngapi. Andika dawa iliyowahi kumdhuru, kama ipo. Andika namba ya simu ya zahanati.

Ukurasa wa pili andika tarehe zote za kurudi. Gawa ukurasa katika sehemu nne: tarehe, mahali, kazi gani, na nani atakwenda.

Kurasa zinazofuata andika unayoyaona nyumbani. Mfano: "Tarehe 3, degedege mara 1, dakika 2, asubuhi." Au: "Tarehe 9, amekaa akiegemea gunia, muda mrefu kuliko juzi." Daktari akisoma maneno haya atajua zaidi kuliko kumwangalia mtoto kwa dakika 5.

Pia andika maswali yako kabla ya kuondoka nyumbani. Watu wengi wakifika mbele ya daktari husahau walilotaka kuuliza. Wanakumbuka wakiwa ndani ya basi.

Ndugu msomaji, hapa ndipo tunapoona faida ya kusoma na kuandika. Kama wewe hujaweza kuandika vizuri, mwambie mtoto wa shule au mwenzako wa darasa la kisomo akuandikie. Hata mstari mmoja kwa siku unatosha.

JAMBO LA PILI: KUUNGANISHA TAREHE

Wazazi wengi hudhani tarehe iliyoandikwa na hospitali haiwezi kubadilishwa. Wanaogopa kuuliza. Lakini muuguzi anayeandika tarehe hajui unatoka wapi, mpaka umwambie.

Mwambie kwa heshima na kwa uwazi. Mazungumzo yanaweza kuwa hivi:

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mama. Pole na safari."

"Nimekwisha poa. Dada, mimi natoka Shighatini, mlimani. Mtoto wangu ana kliniki tatu hapa. Angalia, zimeandikwa katika daftari hili. Ya mazoezi ni Jumanne, ya macho ni Alhamisi. Naomba ziwe siku moja, au siku mbili zinazofuatana, nilale kwa ndugu yangu mjini mara moja tu."

"Lete daftari nione. Macho wapo pia Jumanne ya mwisho wa mwezi. Nikuandikie hiyo?"

"Niandikie, dada. Na haya mazoezi, naweza kufundishwa nikayafanye nyumbani, nikarudi baada ya mwezi mzima?"

Si kila mara jibu litakuwa ndiyo. Lakini asiyeuliza hapati. Na ukiwa na daftari mkononi, muuguzi anaona shida yako mara moja.

Tuhesabu tena. Mama wa mfano wetu sasa ana zahanati siku 1, dawa siku 1, na mjini siku 1 tu, kwa mazoezi na macho pamoja. Kiti kitapimwa siku ya mazoezi. Siku 6 zimekuwa 3. Safari 4 za mjini zimekuwa 1. Siku 3 zimerudi shambani, na binti mkubwa amerudi shule.

Uliza jambo jingine pia. Kama mtoto amekwisha zoea dawa zake za kifafa, na zahanati yako inazo dawa hizo, daktari anaweza kuandika barua ili uzichukue karibu na nyumbani. Kwa namna hiyo safari nyingine moja hupungua.

TAREHE ZIPI ZISIKOSE?

Siku moja mvua itanyesha, au mtoto mwingine ataugua, au nauli haitakuwepo. Lazima ujue lipi linaweza kungoja na lipi haliwezi.

Dawa za kifafa haziwezi kungoja. Zikikatika ghafla, degedege hurudi kwa nguvu na linaweza kuua. Usingoje kidonge cha mwisho. Nenda kuchukua dawa zikiwa zimebaki za siku 7. Wakati wa masika, kuanzia Machi mpaka Mei, njia za mlimani huteleza na magari hukwama. Kabla ya masika omba upewe dawa za miezi 2. Usipunguze dawa mwenyewe kwa sababu mtoto amekaa muda bila degedege. Hakushikwa kwa sababu anakunywa dawa.

Chanjo nazo zisiachwe. Mtoto mwenye ulemavu anahitaji chanjo kama mwenzake, na pengine zaidi, maana surua au nimonia humwangusha upesi. Mweleze muuguzi kwamba mtoto ana degedege, naye atakushauri.

Mazoezi ya hospitalini yanaweza kusogezwa wiki moja, mradi unaendelea na mazoezi nyumbani. Kupima macho kunaweza kusogezwa pia. Lakini kusogeza si kuacha. Ukikosa tarehe, piga simu au nenda siku inayofuata. Usibaki nyumbani kwa kuogopa kugombezwa.

Yapo mambo yasiyongoja tarehe yoyote. Mpeleke mtoto mara moja, usiku au mchana, ukiona haya:

1. Degedege linaendelea zaidi ya dakika 5, au linarudi kabla hajazinduka.
2. Anapumua kwa shida au kwa haraka sana.
3. Hawezi kunyonya, kula wala kunywa.
4. Anatapika kila kitu.
5. Amelegea na hazinduki.
6. Ana homa kali.

Degedege likimshika nyumbani, mlaze chini kwa ubavu. Ondoa mawe, moto na vitu vikali. Legeza nguo shingoni. Usimtie kijiko, kidole wala dawa kinywani. Usimshikilie kwa nguvu. Angalia saa. Ngoja mpaka atulie, kisha mwache alale.

KAZI KUBWA IKO NYUMBANI

Moshi tuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971. Hapo hapo kuna chuo cha TATCOT, kilichoanzishwa mwaka 1981. Chuo hicho hufundisha mafundi wa miguu bandia na vifaa vya kusaidia viungo, na wanafunzi wametoka nchi nyingi za Afrika. Ni bahati kwetu watu wa Kilimanjaro kuwa na wataalamu hao karibu.

Lakini mtaalamu hukaa na mtoto nusu saa kwa mwezi. Mama, baba, bibi na ndugu hukaa naye siku 30. Kwa hiyo unapokwenda hospitali, nenda kujifunza. Mwombe mtaalamu akuonyeshe zoezi, kisha ulifanye wewe mbele yake, akusahihishe. Ukirudi nyumbani, wafundishe wengine.

Unapomwogesha au kumvalisha, mnyooshe mikono na miguu polepole. Usivute kwa nguvu mpaka alie. Usimwache amelala chali mchana kutwa. Mgeuze. Mlaze kwa tumbo kidogo ukiwa karibu naye, ajifunze kuinua kichwa. Mkalishe kwenye kona ya ukuta au katika boksi lililotiwa nguo pembeni. Fundi seremala wa kijijini anaweza kutengeneza kiti chenye meza mbele, akipewa vipimo na mtaalamu.

Unapomlisha, mkalishe wima, kichwa kiiname mbele kidogo. Usimlishe amelala chali, maana chakula kitaingia kwenye mapafu na kuleta nimonia. Tumia kijiko kidogo. Ngoja ameze ndipo umpe kingine. Uji mzito kiasi, au ndizi na maharage yaliyopondwa, humezwa kwa urahisi kuliko maji. Ongeza maziwa, karanga zilizosagwa au mafuta kidogo ili apate nguvu. Akimaliza, akae wima kwa nusu saa.

Zungumza naye. Mtaje kwa jina lake. Mtoto asiyesema anaweza kusikia na kuelewa mengi.

ZAMU KAMA YA NDIVA

Wazee wa Upare walitufundisha jambo kubwa. Walichimba ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanya maji ya vijito usiku. Mchana ndiva hufunguliwa, na kila mkulima hupata maji kwa zamu yake. Mfereji ukiziba, hausafishwi na mtu mmoja. Na kazi ya wote huitwa msaragambo. Kwa msaragambo zimelimwa barabara na kujengwa shule.

Kwa nini basi mtoto huyu abebwe na mtu mmoja?

Tuanze na baba. Baba, huyu ni mtoto wako. Mwezi huu mama akienda hospitali, mwezi ujao nenda wewe. Utakaa kwenye foleni, utasikia maneno ya daktari kwa masikio yako, na utajua mtoto wako ana nini. Baba wengi hugombana na wake zao kwa sababu ya nauli. Waliokwenda hospitali mara moja hawagombani tena.

Bibi na shangazi wanaweza kujifunza kumlisha na kumpa dawa, ili mama alale mchana mmoja au aende kusali. Wajomba wanaweza kugawana nauli kwa zamu. Ndugu aliye Mwanga au Moshi mjini anaweza kutoa kitanda cha usiku mmoja. Jirani anaweza kuwalisha watoto wengine siku ya safari. Kijana wa bodaboda anaweza kumshusha mama mpaka barabarani kwa bei nafuu.

Msimwachishe shule dada yake mkubwa. Kazi ya saa moja baada ya masomo inamfaa. Kumfanya mlezi wa kudumu ni kuwaumiza watoto wawili badala ya mmoja.

Wazazi wenye watoto wa namna hii wanaweza pia kuunda kikundi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchini walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kusafisha visima. Kikundi cha wazazi 5 tu kinaweza kufanya mengi. Mnaweza kuomba tarehe moja ya kliniki kwa wote 5, mkakodi gari moja. Mnaweza kumwomba mtaalamu wa mazoezi apande mlimani mara moja kwa miezi 3 awaone watoto wote pamoja. Na mnaweza kufarijiana, maana anayejua uzito wa mzigo huu ni aliyeubeba.

HAKI YA MTOTO NA MSAADA WA SERIKALI

Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliagiza watoto wa chini ya miaka 5 watibiwe bila malipo katika vituo vya serikali. Mtoto akipita umri huo, na wazazi hawana uwezo, wamwone mtendaji wa kijiji awape barua. Hospitalini waulize ofisi ya ustawi wa jamii. Afisa wa ofisi hiyo ndiye anayesikiliza shida za wasio na uwezo. Uliza kabla ya kutibiwa, si baada ya deni kuandikwa. Uliza pia habari za bima ya afya, maana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya matibabu na ya elimu. Sheria hiyo inataka ziwepo kamati za watu wenye ulemavu mpaka ngazi ya kijiji. Muulize mwenyekiti wa kijiji chako, kamati yetu iko wapi? Kama haipo, mkutano wa kijiji uianzishe. Kazi yake ya kwanza iwe kuwahesabu watoto waliofichwa majumbani.

MTOTO HUYU SI MKOSI

Huko Mbaga, Upare Kusini, upo mwamba uitwao Malameni. Wageni huonyeshwa mpaka leo. Inasimuliwa kwamba zamani watoto waliodhaniwa kuleta mkosi walipelekwa kwenye mwamba huo na kutupwa. Watu waliofanya hivyo hawakuwa wakatili kuliko sisi. Waliogopa wasichokijua.

Leo hakuna anayempeleka mtoto mwambani. Tunajua ubongo unaumiaje, na tunajua unavyosaidiwa. Lakini tukimfungia mtoto chumba cha nyuma wageni wakija, tumemtupa. Tukimwambia mama yake kwamba amelogwa au ametenda dhambi, tumemtupa. Tukimwona mama anapita na mtoto mzito mgongoni, kila wiki, peke yake, nasi tukamwitikia salamu tu, tumewatupa wote wawili.

Rudi kwa yule mama wa saa 10 usiku. Mwezi huu ameamka tena. Lakini safari hii baba ndiye aliyembeba mtoto, na daftari liko mfukoni. Shangazi amekuja kulala tangu jana, naye atawapikia watoto. Binti amejitayarisha kwenda shule. Mtoto bado hajatembea, na huenda hatatembea. Lakini anakaa kitini kwa muda mrefu kidogo kuliko mwezi uliopita, na akimsikia shangazi yake anacheka.

Ndugu msomaji, katika kijiji chako yupo mama kama huyu. Kesho mpitie. Muulize swali moja tu: "Mama, tarehe yako ya kliniki ni lini, nikusaidie nini siku hiyo?"

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Katika kijiji chetu, je, wapo watoto wanaofichwa nyumbani kwa sababu ya ulemavu? Tufanye nini?
2. Ni mambo gani yaandikwe katika daftari la mtoto?
3. Kwa nini dawa za kifafa zisikatike hata siku moja?
4. Baba anaweza kufanya kazi gani katika kumlea mtoto mwenye ulemavu?
5. Tutapangaje zamu za kumsaidia mzazi mmoja wa kijiji chetu kuanzia mwezi huu?